Usiku wa Noeli 1944: nyambizi ya Kijerumani iliyozamisha «Léopoldville», meli ya njia ya Matadi

Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1944, meli kubwa iliyobeba jina la mji tunaouita leo Kinshasa ilizama mbele ya bandari ya Cherbourg, kaskazini mwa Ufaransa. Ndani yake mlikuwa wanajeshi Wamarekani 2,235. Kati yao 763 walikufa. Walikufa pia kapiteni wa meli, Mbelgiji mwingine mmoja, na mabaharia watatu Wakongomani.

Walioizamisha walikuwa vijana karibu hamsini waliofungiwa ndani ya nyambizi, ile meli ya vita inayotembea chini ya maji. Hawakukaa sana duniani baada ya usiku ule. Miezi minne haikutimia, na wao pia walikuwa wamekufa wote, mpaka wa mwisho.

Kwetu mashariki, vita kuu ya pili ya dunia inakumbukwa zaidi kupitia askari wa Force Publique waliokwenda kupigana Ethiopia, au wale waliofika mpaka Misri na Birmania. Vita ya baharini haitajwi sana, na inaeleweka: Bukavu na Kisangani ziko mbali na bahari. Lakini vita hiyo iligusa mali iliyotoka katika ardhi yetu, na iligusa watu wetu waliokuwa kazini ndani ya meli. Ndiyo sababu historia ya «Léopoldville» na nyambizi U-486 inafaa kusimuliwa kwa Kiswahili.

Majina ya miji yetu chini ya bahari

Tuanze na meli yenyewe. «Léopoldville» ilijengwa Hoboken, karibu na Anvers, mwaka wa 1929. Ilikuwa mali ya kampuni ya Compagnie belge maritime du Congo, na kazi yake ilikuwa kusafirisha watu na mizigo kati ya Anvers na Matadi. Ndani ya meli za namna hiyo walisafiri wakubwa wa serkali ya kikoloni, mapadri, wafanya biashara na wake zao. Kwenda Ulaya walibeba mafuta ya mawese, shaba, pamba na pembe za ndovu.

Na ndani yake walifanya kazi Wakongomani. Walikuwa katika chumba cha mashine, jikoni, kwenye usafi na kwenye huduma ya abiria. Mshahara wao ulikuwa chini ya ule wa mabaharia wazungu. Wengine walizoea Anvers kama mtu wa Uvira anavyozoea Bujumbura, wakijua mitaa yake na baridi yake, wakati nyumbani wengi hawakuwa na ruhusa hata ya kutembea usiku katika mtaa wa wazungu.

Kampuni za Ubelgiji zilikuwa na desturi ya kuzipa meli majina ya Kongo. Kwa hiyo ukisoma orodha ya meli zilizozamishwa, ni kama unasoma karte ya inchi yetu. Meli «Elisabethville» ya kwanza, yenye jina la zamani la Lubumbashi, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani mwezi wa tisa 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, karibu na kisiwa cha Belle-Île nchini Ufaransa. Meli «Kasongo», yenye jina la mji wa Maniema, ilizamishwa tarehe 26 mwezi wa pili 1941 magharibi mwa Irlandi. Meli «Moanda» ilifuata mwaka wa 1943, mbele ya pwani ya Afrika magharibi.

Aliyezamisha «Kasongo» alikuwa Günther Prien, kamanda wa nyambizi U-47. Ujerumani yote ilimjua. Mwezi wa kumi 1939 aliingia kwa siri ndani ya Scapa Flow, bandari ya jeshi la Uingereza, akazamisha manowari «Royal Oak», na aliporudi Hitler mwenyewe alimpokea. Lakini siku chache tu baada ya kuzamisha «Kasongo», mwezi wa tatu 1941, redio ya U-47 ilinyamaza. Yeye na watu wake wote hawakuonekana tena.

Kwa nini Kongo ilikuwa ndani ya hesabu

Kazi kubwa ya nyambizi za Ujerumani haikuwa kupigana na meli za vita. Kazi yao ilikuwa kuua njaa, au tuseme vizuri, kuleta njaa: kuzamisha meli za mizigo zilizolisha Uingereza na viwanda vyake. Kisiwa kile hakina kila kitu. Kikikosa mafuta, chuma, kauchu na chakula kutoka ng'ambo, kinapiga magoti. Admirali Karl Dönitz, mkubwa wa nyambizi, alihesabu tani zilizozama kila mwezi kama mwenye duka anavyohesabu mauzo.

Ubelgiji ulipotekwa mwezi wa tano 1940, serkali yake ilikimbilia London na Kongo ikabaki upande wa Waingereza. Japani ilipochukua Malaya mwaka wa 1942, Waingereza na Wamarekani walipoteza chanzo chao kikubwa cha kauchu na bati. Macho yakageukia kasiteriti ya Maniema, Kivu na Manono, na kauchu ya msituni. Mwaka huohuo wa 1942, siku za kazi ya lazima kwa wanakijiji wa Kongo ziliongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Wazee wengi walisimulia mateso ya miaka ile. Pengine hawakujua kwamba sehemu ya mzigo waliobeba kichwani ililala chini ya bahari ya Atlantike kabla ya kumfaidia mtu yeyote.

Mzigo mmoja ulikuwa wa siri kuliko yote. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo, ilisafirishwa kwenda Marekani kwa ajili ya kutengeneza bomu la atomiki. Meli zilizoibeba zilichaguliwa kwa mwendo wao wa haraka, ili zikimbie kuliko nyambizi. Hata hivyo, mwisho wa 1942 meli moja yenye urani ilizamishwa na nyambizi. Ni dhahiri kwamba mabaharia wale Wajerumani hawakujua walichokuwa wanapeleka chini.

Nyambizi zilifika mpaka mlangoni kwetu. Tarehe 23 mwezi wa kumi 1942, U-161 ya kamanda Albrecht Achilles ilipiga manowari ya Uingereza «Phoebe» mbele ya Pointe-Noire, si mbali na mdomo wa mto Kongo. «Phoebe» haikuzama, lakini makumi ya mabaharia wake walikufa. U-161 ilizamishwa na ndege mwaka uliofuata mbele ya pwani ya Brazili, na watu wake wote.

Kuishi ndani ya bomba

Nyambizi U-486 ilikuwa ya aina ambayo Wajerumani walitengeneza kwa wingi kuliko zote, waliyoiita VIIC. Urefu wake ulikuwa mita 67. Lakini sehemu wanayoishi watu, ile ngozi ya chuma inayozuia maji, ilikuwa na upana wa mita 4.7 tu mahali palipo papana zaidi. Chukua bomba la namna hiyo, weka ndani mashine mbili za mazutu, mota za umeme, batri nzito chini ya sakafu, topido 14 (yaani makombora yanayokimbia ndani ya maji), chakula cha wiki nyingi, halafu nafasi inayobaki gawanyia watu 45 au 50.

Vitanda havikutosha. Mmoja akitoka kwenye zamu, anaingia katika kitanda ambacho mwenzake ametoka sasa hivi, kikiwa bado na joto lake. Vyoo vilikuwa viwili, lakini mwanzo wa safari kimoja kilijazwa chakula, kwa hiyo watu wote walipanga mstari kwa kile kimoja. Maji ya kuoga hayakuwepo. Nguo zilikuwa zilezile toka siku ya kutoka mpaka siku ya kurudi. Mkate uliota ukungu mweupe. Walikata nje, wakala ndani. Harufu ya mazutu, jasho, mboga iliyooza na vyoo iliingia hata ndani ya chai.

Katika miaka ya mwanzo, nyambizi ilikaa juu ya maji muda mwingi. Ilizama kwa kushambulia au kujificha tu, kwa sababu chini ya maji ilitegemea batri, na batri zilipeleka mwendo wa polepole kama mtu anayetembea kwa miguu. Zikiisha nguvu, ni lazima kupanda juu, kuwasha mashine za mazutu na kuzichaji. Hapo ndipo ndege zilizokuwa na rada ziliwakuta. Mwaka wa 1943 ulikuwa mbaya kwao: mwezi wa tano peke yake walipoteza nyambizi zaidi ya 40.

Ndiyo sababu U-486 ilipewa kifaa kilichoitwa snorkeli. Ni bomba refu linalotokeza kichwa chake juu ya maji, linavuta hewa na kutoa moshi, ili mashine za mazutu ziweze kufanya kazi wakati nyambizi yenyewe imejificha chini. Wimbi likifunika kile kichwa, mlango wake unajifunga. Mashine haisimami palepale: inavuta hewa iliyo ndani, ile wanayopumua watu. Masikio yanauma, macho yanatoka. Lakini kwa kifaa hicho waliweza kukaa wiki nyingi bila kuonekana, na waliweza kurudi mahali walipokuwa wamefukuzwa, yaani kwenye bahari ya Manche, kati ya Uingereza na Ufaransa.

Jioni ya tarehe 24

U-486 ilitoka Norwe mwisho wa mwezi wa kumi na moja 1944. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita. Kamanda wake aliitwa Gerhard Meyer. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili ilizamisha meli ya mizigo ya Uingereza, «Silverlaurel». Kisha ikaenda kungoja karibu na Cherbourg.

Upande wa pili, Southampton, watu walikuwa wanakimbizana. Tangu tarehe 16 Wajerumani walikuwa wameanza mashambulizi makubwa katika milima ya Ardennes, Ubelgiji, na Wamarekani walitaka askari haraka. Divizioni ya 66 ya jeshi la Marekani ilipandishwa usiku katika meli mbili, «Léopoldville» na «Cheshire», kwa fujo, kompanyi nyingine zikigawanyika nusu huku na nusu kule. Asubuhi saa tatu waliondoka. Manowari nne ziliwasindikiza: tatu za Uingereza na moja ya Wafaransa huru.

Saa kumi na mbili kasoro dakika sita jioni, taa za Cherbourg zikiwa zinaonekana, topido moja ilipiga «Léopoldville» upande wa kulia, nyuma. Bandari ilikuwa mbali kwa kilometa nane hivi. Askari waliolala vyumba vya chini vya nyuma walikufa kwa mamia katika dakika za kwanza. Ngazi zilivunjika na maji yakaingia. Waliobaki walipanda juu, wakapanga mistari, wakangoja amri.

Na meli haikuzama mara moja. Ilikaa juu ya maji karibu saa mbili na nusu. Hapo ndipo jambo hili linauma, kwa sababu saa mbili na nusu, kilometa nane kutoka bandari iliyojaa vyombo, ni muda wa kutosha kuokoa watu. Wakaaji wa Goma waliosimama Kituku mwezi wa kumi 2024, siku «Merdi» iliyotoka Minova ilipopinduka machoni pao, wanaelewa maana ya kufa ukiwa umekwisha kuona nyumbani.

Nini kilikwenda vibaya? Karibu kila kitu. Manowari tatu zilikwenda kutafuta nyambizi, na «Brilliant» peke yake ikabaki kuokoa. Redio yake haikuweza kusemezana moja kwa moja na Wamarekani wa Cherbourg. Ujumbe ulibidi upite Uingereza kwanza. Mjini, ilikuwa mkesha wa Noeli: ofisi nyingi zilikuwa na watu wachache, na vyombo vingi vilikuwa bandarini vikiwa vimezimwa. Kapiteni Charles Limbor alishusha nanga ili meli isisukumwe kwenye uwanja wa mabomu ya majini. Meli ya kuvuta ilipokuja, nanga ileile ilizuia kuivuta. Amri ya kuacha meli ilitolewa kwa Kiflamandi, lugha ambayo vijana wa Marekani hawakuielewa.

«Brilliant» ilisogea ubavuni, na mawimbi yakawa yanazigonganisha meli mbili. Askari waliruka kutoka juu. Karibu 500 walifika salama. Wengine walianguka katikati, na meli zikawabana. Ikiwa imejaa, «Brilliant» iliondoka kuwapeleka bandarini, na waliobaki waliamini kwamba hatari imepita. Meli ilipokwenda chini kwa ghafula, mamia walijikuta ndani ya maji ya baridi kali, wamevaa makoti mazito, wengine na silaha zao.

Manusura wengi Wamarekani waliwalaumu mabaharia wa «Léopoldville» kwamba walishusha mashua za kuokolea, wakapanda wao kwanza. Lawama hiyo imeandikwa mara nyingi, na haifai kuificha. Lakini ifahamike pia kwamba mabaharia waliotii amri ya kuacha meli waliielewa, askari hawakuielewa, na hao askari hawakuwa wamefundishwa vizuri namna ya kushusha mashua wala hata ya kufunga koti la kuogelea. Kuhusu Wakongomani watatu waliokufa, simulizi nyingi zinawataja kwa hesabu tu: watatu. Kapiteni ana jina, nyambizi ina namba, divizioni ina nembo ya chui mweusi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ni deni ambalo wanahistoria wetu wa Kinshasa na Lubumbashi wanaweza kuanza kulilipa.

Kwa nini nyambizi haikuokoa

Msomaji anaweza kujiuliza: wale waliopiga, waliwatazama tu wenzao wakifa? U-486 ilibaki chini ya maji, ingetokeza, ingekufa. Lakini kuna sababu nyingine, ya miaka miwili kabla.

Tarehe 12 mwezi wa tisa 1942, U-156 ya kamanda Werner Hartenstein ilizamisha meli ya Uingereza «Laconia» katika Atlantike ya kusini. Ndani mlikuwa, pamoja na Waingereza, wafungwa wa vita Waitalia karibu 1,800, yaani watu wa upande wa Ujerumani. Hartenstein aliposikia sauti za Kiitalia ndani ya maji, alianza kuokoa watu wote bila kuuliza taifa. Alitangaza kwa redio, bila siri, mahali alipo, akaomba msaada wa kila meli, akaahidi kutoshambulia. Alitandaza kitambaa cha Msalaba Mwekundu juu ya nyambizi na kuvuta mashua zilizojaa wanawake na watoto. Tarehe 16, ndege ya Marekani iliyotoka kisiwa cha Ascension ilimtupia mabomu. Ilibidi arudishe watu majini na kuzama.

Siku iliyofuata, Dönitz alitoa amri kwa nyambizi zote: hakuna kuokoa mtu tena. Baada ya vita amri hiyo ilisomwa mbele ya mahakama ya Nuremberg. Hartenstein na watu wake walikufa wote mwezi wa tatu 1943, nyambizi yao ilipozamishwa na ndege karibu na Barbados.

Waliowinda wakawindwa

Tarehe 26, siku mbili baada ya «Léopoldville», U-486 ilipiga tena karibu na Cherbourg: ilizamisha manowari «Capel» na kuharibu vibaya nyingine, «Affleck». Kisha ikarudi Bergen, Norwe, katikati ya mwezi wa kwanza 1945. Kwa hesabu za Dönitz, Meyer alikuwa amefanya safari nzuri.

Mwezi wa nne ilitoka tena. Ujerumani ulikuwa umebakiza chini ya mwezi mmoja. Snorkeli ilikataa kufanya kazi, wakalazimika kurudi Bergen. Tarehe 12, wakiwa wamepanda juu ya maji, karibu kufika, nyambizi ya Uingereza «Tapir» iliyokuwa imejificha pale iliwaona. Topido zake ziliikata U-486. Watu 48 walikufa. Nao pia, kama askari wa «Léopoldville», walikuwa mlangoni mwa bandari.

Kifo chao hakikuwa cha pekee. Wajerumani wapatao 40,000 walisafiri na nyambizi katika vita hiyo. Karibu 30,000 hawakurudi. Hakuna kikosi kingine cha jeshi lao kilichopoteza sehemu kubwa namna hiyo.

Kuhusu Divizioni ya 66, haikupelekwa tena Ardennes. Ilitumwa kuzingira miji ya Lorient na Saint-Nazaire, kwenye pwani ya magharibi ya Ufaransa, ambako Wajerumani walikuwa bado wamejifungia. Miji hiyo yote miwili ilikuwa ngome za nyambizi, zenye mapaa ya betoni ya mita kadhaa ambayo mabomu hayakuweza kutoboa. Walinzi wake walijisalimisha mwezi wa tano 1945, siku chache baada ya Ujerumani yenyewe.

Manusura waliambiwa wasiseme. Familia nyingi Marekani zilipata kwanza barua kwamba mtoto wao hajulikani alipo, na miaka ikapita bila maelezo. Mabaki ya «Léopoldville» yalipatikana na kutambuliwa mwaka wa 1984, lakini karatasi za siri za Uingereza zilifunguliwa mwaka wa 1996 tu. Mwaka uliofuata, ukumbusho wenye majina ya askari ulisimamishwa huko Fort Benning, jimbo la Georgia.

U-486 ilingoja zaidi. Mwaka wa 2013, kampuni ya mafuta ya Norwe ilikuwa inachunguza sakafu ya bahari karibu na Bergen kwa ajili ya kazi zake, na mitambo yake ikaonyesha chuma kirefu kilichokatika vipande viwili, kwenye kina cha mita karibu 250. Wataalamu waliitambua. Watu 48 bado wako ndani.